Nimesikia sauti ya marehemu mama kwenye kaseti, sikulia. Wimbo ulipoingia nikalia. Kwa nini?

Binti wa Chumbageni

Assalaam alaykum jamani, na habari za huko mliko. Mimi husoma tu humu, siandiki, lakini hili limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa, na hapa nyumbani kila ninayetaka kumwambia najua nitamliza.

Mama yangu alifariki mwaka 1996. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Picha zake tunazo nne, na katika moja kageuza uso. Sauti yake hatukuwa nayo kabisa. Mwaka jana mama mkubwa, dada yake mama, naye akatangulia kule Muscat alikoolewa. Watoto wake walipokuwa wanapanga vitu vyake wakakuta mfuko wa kaseti juu ya kabati. Mmoja wao alipokuja Tanga kwenye harusi akanipa bahasha. Ndani kaseti moja, na kwenye karatasi yake mwandiko wa mama, kalamu ya bluu: "Kwa dada. Julai 92. Usiifute."

Ilikuwa barua. Wa rika langu na wakubwa zangu mtakumbuka watu walivyokuwa wakitumiana kaseti. Hii ni ile ya dakika 90, na kwanza ilikuwa ya taarabu, mama akarekodi juu yake. Anazungumza karibu nusu saa, anakatika ghafla, na taarabu iliyokuwa chini yake inajitokeza katikati ya wimbo. Ni Shakila, yule mwimbaji, wa enzi za kikundi cha Lucky Star, na lile gitaa la Tanga lisilo na haraka.

Niliazima redio kaseti kwa jirani, nikangoja watoto walale, nikajifungia chumbani. Mama akaanza kusema, nami nikasubiri moyo ushtuke. Haukushtuka. Maneno ni yake. Anamtaja baba, anataja mvua iliyobomoa choo, anamtaja mwalimu wangu wa madrasa. Lakini sauti ilikuwa nyembamba, ya msichana mwenye haraka, na kadiri alivyoendelea ndivyo ilivyozidi kuwa ya kitoto, mpaka mwishoni maneno hayashikiki. Nilikaa pale kama ninayemsikiliza mtoto wa jirani akisoma gazeti. Nikaanza kujiogopa. Huyu ndiye aliyenizaa, mbona simjui?

Halafu wimbo ukaingia. Hata Shakila hajafungua kinywa, ni gitaa tu na ngoma, nilikuwa nimeshakaa sakafuni ninalia kwa kwikwi, kichwa kwenye godoro ili watoto wasisikie.

Nimeirudia mara tatu tangu siku ile na ni hivyo hivyo. Sauti ya mama, kimya. Wimbo, machozi.

Naomba wenye kujua mnisaidie. Je, nimemsahau mama? Inakuwaje wimbo wa mtu baki unifanye hivi, na sauti iliyonilea isinifanye kitu? Na jambo la pili: baba yangu yu hai, ana miaka 79. Nimsikilizishe? Kaka yangu amekataa, anasema marehemu aachwe apumzike. Mimi sijui.

Mwana wa Mutrah

Wa alaykum salaam dada yangu. Poleni kwa mama mkubwa, Mungu awarehemu wote wawili.

Mimi nilitoka Unguja kuja huku Oman mwaka 1984, kwa hiyo hizo kaseti nazijua vizuri. Simu ilikuwa ghali na wa kupigiwa hana simu, umpigie wapi? Barua ya karatasi ilikuwa inataka mtu wa kuisoma, na akisoma mtu mwingine zile siri si siri tena. Kaseti ilikuja na msafiri, imefungwa ndani ya soksi isivunjike, na mara nyingine imekaa sanduku moja na halua au dagaa, ukiifungua inanuka kwenu.

Tulikuwa tukikaa baada ya isha, mkubwa wa nyumba karibu na redio, wadogo mlangoni. Aliyerekodi anasema "Assalaam alaykum," kisha anaacha nafasi. Nyumba nzima inaitikia. Anauliza "Hamjambo?" anangoja, nasi tunasema "Hatujambo!" Hiyo nafasi ya kimya alituachia makusudi, alijua tutaijaza. Kwenye kaseti yenu bila shaka zimo nafasi kama hizo. Sikiliza tena uone mama yako anapomngoja dada yake ajibu.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiiambia redio, "Punguza mbio, mwanangu." Kila kaseti kutoka nyumbani watu walionekana wana haraka. Sisi tulidhani wanaogopa utepe kwisha.

Kuhusu baba: muulize mwenyewe. Mtu wa miaka 79 amezika wengi, usimwamulie. Mwambie, "Baba, ipo sauti ya mama, unataka?" Akikataa, weka. Kaka yako naye usibishane naye, ana namna yake ya kumpenda mama.

Udi na Ubani

Dada, pole. Mimi napiga udi, nilisoma pale kwenye jengo la forodha ya zamani Unguja, chuo cha muziki wa nchi za jahazi, na hili la wimbo kukuwahi kabla ya sauti nimeliona mara nyingi ukumbini. Mtu mzima aliyekuja kutuza anasimama na noti mkononi, analia, na mwimbaji bado hajaanza.

Wimbo una kitu ambacho mazungumzo hayana: unaujua unakokwenda. Ukisikia gitaa lile, mwili wako umeshajua kwamba baada ya hapa itapigwa mara mbili, ngoma itashuka, kisha sauti. Unangoja. Na katika kungoja ndimo moyo unamofunguka. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal kule Kanada waliwapima watu wakisikiliza muziki wanaoupenda wenyewe, ule unaowasimamisha vinyweleo. Wakaona dopamini, kemikali ya raha na hamu, inamwagika ubongoni mara mbili na katika sehemu mbili tofauti: mara moja utamu wenyewe unapofika, na mara nyingine kabla yake, mtu akiwa bado anaungoja. Sisi wapigaji hatukuwa na mashine, lakini hilo tunalifanyia kazi kila usiku. Ukicheza hijazi, ule mpangilio wa sauti wenye nafasi pana kati ya sauti ya pili na ya tatu, ukakaa pale juu usishuke haraka, utasikia ukumbi mzima unasema "Aaah." Hujawapa kitu bado. Umewangojesha tu.

Na taarabu ya Tanga ina lake. Huku Unguja tuna fidla tele, kanuni, akodiani, mwimbaji anakaa juu ya mawimbi ya ala. Black Star na Lucky Star walikuwa na gitaa, besi, ngoma, ala chache tu, kwa hiyo mwimbaji yuko karibu nawe kama aliyekaa kwenye mkeka huo huo. Marehemu Shakila alikuwa haimbi kwa nguvu. Alikuwa kama anakwambia.

Sasa piga hesabu yako mwenyewe. Wimbo huo ulipigwa kwenu mara ngapi ulipokuwa mdogo? Mama anapika, wimbo upo. Mama anakusuka, wimbo upo. Barua hii ya kaseti wewe hukuwahi kuisikia hata mara moja, ilikwenda Muscat. Kwa hiyo wimbo una mama ndani yake, mama wa kila siku. Mimi nisingejiogopa.

Kijana wa Majengo

Mimi naona tofauti kidogo na niseme tu. Mdogo wangu alifariki 2021. Nilikuwa na voisi zake za WhatsApp, fupi fupi, "Bro upo?", "Nitumie ya bodaboda." Nilikuwa siwezi kuzifungua. Nilikuwa nafungua mazungumzo yetu, naangalia zile alama za sauti zilivyopanda na kushuka, nafunga.

Simu ikaharibika. Nilidhani zimehifadhiwa, kumbe hazikuhifadhiwa.

Kwa hiyo dada, usikilize au usisikilize, hilo lako. Lakini toa nakala leo. Usingoje ujue unajisikiaje.

Mkunga wa Zamu

Mwenzangu, mimi ni mkunga, mwaka wa kumi na tisa huu. Hilo la kumsahau mama nataka ulitoe kichwani.

Mtoto anaanza kusikia akiwa bado tumboni, katika miezi mitatu ya mwisho anasikia vizuri, na sauti inayomfikia kuliko zote ni ya mama, maana inapita kwenye mwili wenyewe. Mwaka 1980 kule Marekani walichukua watoto kumi wa siku chache mno, hata siku tatu hawajatimiza, wakawapa chuchu za plastiki zilizounganishwa na mashine. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani anasikia sauti ya mama yake, akinyonya kwa mwendo mwingine anasikia ya mwanamke mwingine. Wakawa wanabadilisha unyonyaji wao ili wamsikie mama. Siku mbili duniani, na anachagua! Nami hilo naliona wodini bila mashine. Mtoto analia kwenye mizani, mama aliyelala kitanda cha pili anasema neno moja tu, "Nini?", na mtoto anatulia macho yamekodoka.

Kuna na wale wasichana wa miaka saba hadi kumi na miwili, Wisconsin mwaka 2010. Walipewa mtihani wa kuwatia hofu, kusema na kupiga hesabu mbele ya watu, kisha wengine wakakumbatiwa na mama zao na wengine wakaongea nao kwa simu tu. Waliosikia sauti kwenye simu, ile homoni ya utulivu, oksitosini, iliwapanda karibu sawa na waliokumbatiwa. Sauti peke yake.

Ndiyo maana maelezo yako yamenitatiza. Umekaa na sauti ya mama miaka kumi na moja na tumboni juu. Kama sauti ile ingekuwa yake kweli, ungeijua. Unasema ni ya kitoto, tena inazidi kuwa ya kitoto. Mama mtu mzima sauti yake haiwi ya kitoto katika nusu saa. Hiyo kaseti ina lake. Humu hakuna fundi?

Fundi Redio, Makorora

Nipo. Nimechelewa kuona.

Dada, moyo wako mzima. Kaseti yako ilirekodiwa na mabetri yaliyochoka.

Nieleze. Utepe wa kaseti unatakiwa upite kwenye hedi, kile kichuma kinachoandika na kusoma sauti, sentimita 4.76 kila sekunde, kurekodi na kupiga vile vile. Mota inayouvuta inakula umeme. Mabetri yakilegea, mota nayo inalegea, utepe unapita polepole, na sauti ya mtu mzima inabanwa kwenye utepe mfupi. Wewe sasa unapiga kwa redio ya umeme wa ukutani, mota ina nguvu zake zote, utepe unakwenda mwendo wake halali, na kile kilichobanwa kinatoka kwa mbio: sauti juu, maneno haraka. Na mabetri huwa yanazidi kuchoka kadiri unavyorekodi, ndiyo maana mwisho umekuwa kama ndege. Huyo bibi wa Mutrah alikuwa sahihi kabisa, kaseti nyingi za nyumbani zilirekodiwa hivyo.

Wimbo ulio chini uliingizwa na mashine nyingine, nzima. Ndiyo sababu wimbo umeutambua na mama hukumtambua. Masikio yako yamefanya kazi yake, yamekataa sauti isiyokuwa yake.

Inatengenezeka. Ila kwanza uache kuirudia. Fungua uangalie kijipande cha sufi nyuma ya utepe, kama kimebanduka utepe haushiki hedi. Safisha hedi na raba inayovuta utepe kwa pamba na spiriti, uache ikauke. Sogeza utepe wote mpaka mwisho na kuurudisha mara moja, kwa kalamu kama unaweza, maana umelala miaka thelathini. Kisha uipige mara moja tu, umeunganisha waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta, uhifadhi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, usibane kwa MP3. Usirekodi kwa simu iliyowekwa mbele ya spika, utapata na feni ya jirani.

Halafu nitafutie kitu kimoja. Ndani ya maneno ya mama kuna mlio wowote ambao hadi leo upo na haujabadilika? Honi, kengele, chochote. Sauti ya mtu siwezi kuikadiria kwa kubahatisha, nitakutengenezea mama wa kubuni. Nahitaji kipimo.

Binti wa Chumbageni

Fundi, mikono inatetemeka kuandika. Upo mlio.

Mama alirekodia nyumbani kwa babu, Ngamiani. Pale ukumbini kuna saa ya ukutani, ile ya mbao yenye kioo na pendulamu, babu aliinunua kwa Mhindi kabla ya Uhuru. Kwenye kaseti, mama anapoanza tu habari za mvua, inagonga mara nne, saa kumi jioni. Na mwishoni kabisa, kabla hajakatika, inagonga mara moja, kumi na nusu. Nilisikia lakini sikuitilia maanani, nilidhani ni sahani.

Saa ile ipo! Yuko nayo mjomba na inagonga mpaka leo, kila Ijumaa anaijaza. Kesho nakwenda.

Na huyo aliyesema nafasi za kimya, zimo. Anasema, "Dada, shikamoo," halafu kimya, kisha anaendelea kama aliyejibiwa.

Fundi Redio, Makorora

Hiyo ni bahati ambayo mimi sijaipata kwa kaseti hata moja. Sikiliza vizuri.

Saa hizo zinagonga juu ya waya wa chuma uliojikunja kama konokono, na mlio wake haupandi wala haushuki miaka nenda rudi. Rekodi kwa simu ukiwa hatua tatu kutoka saa, feni zimezimwa, saa kumi kamili na kumi na nusu. Usiiguse, usiipanguse vumbi kwanza.

Tuna vipimo viwili. Cha kwanza, mlio: wa saa leo na wa saa kwenye kaseti, nione umepanda kiasi gani. Cha pili, muda. Kati ya kugonga kwa saa kumi na kugonga kwa kumi na nusu zilipita dakika thelathini za kweli. Kwenye kaseti zimekuwa ngapi? Usihofu kama saa ya babu haikuwa sahihi. Hata ikipoteza dakika tano kwa siku, katika nusu saa ni sekunde sita.

Nitumie na faili zima la kaseti.

Mkunga wa Zamu

Nimeomba ruhusa ya kuwa na simu zamu ya leo kwa ajili yenu.

Fundi Redio, Makorora

Nimemaliza, nawaandikia wote maana mmengoja.

Mlio wa saa wa mwanzo kwenye kaseti umepanda asilimia 7 juu ya saa yenyewe. Mlio wa mwisho asilimia 18. Na muda kati yao kwenye kaseti ni dakika 26 na sekunde 40 badala ya 30, ambayo ni wastani wa asilimia 12 na nusu, katikati kabisa ya 7 na 18. Vipimo viwili vya njia mbili vimekutana. Niliinuka nikatembea uani.

Kwa wanaotaka kufanya ya kwao: Audacity ni programu ya bure ya kuhariri sauti. Tumia ile ya kubadilisha kasi ambayo inashusha mwendo na sauti pamoja, usitumie ya kushusha sauti peke yake, maana mabetri yalivipandisha vyote viwili. Mimi nilikata vipande vya dakika mbili mbili, kila kimoja nikakipunguza zaidi ya kilichotangulia, nikaviunga. Wimbo wa mwisho sikuugusa, wenyewe uko sawa.

Makelele ya utepe nimeyaacha. Nilijaribu kuyasafisha, yakaondoka na pumzi zake.

Dada, faili liko kwenye barua pepe yako. Sikusikiliza maneno zaidi ya nilivyolazimika. Ni barua ya watu.

Binti wa Chumbageni

Nimerudi. Samahani kwa kunyamaza siku nne.

Nilifungua Jumatano usiku. "Dada, shikamoo." Nilimjua kabla hajamaliza hiyo shikamoo. Ni nzito. Nilikuwa nimesahau kwamba ilikuwa nzito, na ina ukavu kidogo, na kabla ya kila habari mpya anavuta pumzi kwa puani kama mtu anayetaka kubeba ndoo. Mkunga, ulisema kweli, ilikuwepo yote humu ndani, ilikuwa inangoja tu ije yenyewe.

Sikulia, na safari hii sikuogopa. Nilikuwa na raha ya kusikiliza habari. Mvua, choo, mjomba aliyetaka kuoa na posa ikarudishwa, sukari ilivyoadimika. Nilikuwa naitikia peke yangu kwenye zile nafasi.

Ikafika mwisho, pale ambapo zamani maneno hayakushikika. Saa ya babu ikagonga moja, na mama akasema, polepole kabisa, kwa sauti yake: "Dada, naona hii redio inataka kuzima, mabetri yamekwisha. Nimalizie hapa. Kesho nitampa huyu mwanao mdogo ayaanike."

Huyu mwanao mdogo ni mimi.

Mabetri manne makubwa. Nilikuwa nikiyapanga juu ya ukuta wa uani, karibu na ungo wa mchele, yote yamelala upande mmoja, na alasiri naambiwa nikayatoe. Yalikuwa ya moto. Nilikuwa nikiyabeba kwenye pindo la gauni mawili mawili, na moja nalibandika shavuni kwa sababu joto lake nililipenda. Miaka thelathini na zaidi sijawahi kuyakumbuka mabetri yale, hata siku moja. Nikashika shavu. Hapo ndipo nililia, na wimbo ulikuwa bado haujaingia.

Baba nilimuuliza kama mlivyoniambia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Lete." Nikampelekea Ijumaa baada ya sala. Alisikiliza amefumba macho, mkongojo kati ya magoti. Saa ilipogonga alihesabu kwa kidole gumba juu ya mkongojo, moja, mbili, tatu, nne. Pale pa posa ya mjomba alitabasamu. Alipofika pale pa mabetri akafumbua macho akanitazama.

"Ulikuwa ukiyasahau nje," akasema, "yanalowa umande."

Kisha akaniambia niirudishe mwanzo.